Sekunde Tunazihesabu, Njia Hatuioni

Tarehe 4 Desemba 2022, Mtanzania Gabriel Geay alishika nafasi ya pili katika Marathoni ya Valencia, Hispania, akitumia saa 2 na dakika 3 kamili. Ilikuwa rekodi mpya ya taifa. Aliyemtangulia ni Kelvin Kiptum wa Kenya, ambaye siku hiyo ndiyo kwanza alikuwa anaonja marathoni, akamaliza kwa saa 2:01:53. Nilifuatilia habari nyingi za Kiswahili za wiki ile, za redioni na za magazetini. Karibu zote zilikuwa na vitu vinne: jina, muda, nafasi na pongezi. Valencia yenyewe ilitajwa kama mtu anavyotaja stendi aliyobadilishia basi.

Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo ninaowasema hapa ni watu wangu, na wengine tunakunywa nao chai kila wiki. Nasema hivi: uandishi wetu wa riadha ni kazi nusu. Tunajua kuhesabu sekunde, ila njia hatuioni. Mwanariadha wetu anakimbia kilomita 42 juu ya ardhi ya watu, ardhi yenye historia ya mafuriko, mashamba, kesi na maandamano, sisi tunaandika kana kwamba amekimbilia hewani. Na kwa kuwa hatujui kuiona njia ya Valencia, tumeshindwa pia kuiona ya kwetu inavyomegwa mita kwa mita.

Kuna kundi la pili nalo linanikera, na hili liko kulekule Ulaya. Ni wale waandishi wa njia za kukimbilia: anza hapa, pinda kushoto kwenye mnara, bahari iko kulia, kilomita 12, mwinuko kidogo, mandhari safi. Kwao pwani yote ya Mediterania ni picha ya ukutani. Jua, mawimbi, misonobari, mchungwa mmoja uliozaa vizuri. Watu hawamo. Akitokea mkulima kwenye picha, basi yumo kama pambo, sawa na yule punda wa kwenye kadi za posta. Mmoja ana saa mkononi, mwingine ana kamera, na wote wawili wamepita juu ya habari bila kuikanyaga.

Niliishi Valencia kwa miezi minane nikiwa masomoni, na nilikuwa nakimbia asubuhi tatu kwa wiki. Si kwamba nina miguu ya maana; nakimbia kama mtu anayewahi daladala. Lakini kwa kuwa sikuwa na haraka, niliuliza maswali. Hebu tuifuate njia yenyewe, kipande kwa kipande, uone nini kimelala chini ya zile sekunde.

Tuanzie mtoni. Katikati ya Valencia pana bustani ndefu, kama kilomita 9, inayopinda ndani ya mji ikipita chini ya madaraja ya kale ya mawe. Inaitwa Jardín del Turia. Kila alfajiri imejaa wakimbiaji: vijana, wazee, akina mama wenye vigari vya watoto, watu wanaotembea tu kwa sababu daktari kawaamuru. Gari halipiti. Ukianza upande wa magharibi unaweza kwenda mpaka kwenye yale majengo meupe ya Ciudad de las Artes y las Ciencias bila kusubiri taa hata moja. Madaraja yapo ila maji hakuna, maana bustani yote ile ni sakafu ya mto.

Tarehe 14 Oktoba 1957 mto Turia ulifurika na kuumeza mji. Zaidi ya watu 80 walikufa. Hispania wakati huo ilikuwa chini ya Jenerali Franco, na msaada kutoka Madrid ulikuja kwa kusuasua. Mhariri wa gazeti la Las Provincias, Martín Domínguez, hakunyamaza. Alisema hadharani kwamba mji umeachwa na tope lake. Meya wa mji, Tomás Trénor, naye akasema. Mwaka 1958 wote wawili wakaondolewa kwenye viti vyao. Hapo ndugu zangu wa magazeti nawaomba msimame kidogo: historia ya njia ile ya kukimbilia ina mhariri aliyepoteza kazi. Sisi tunapita juu yake tukiandika “alimaliza kwa kasi ya kutisha.”

Serikali ikaamua kuuhamisha mto. Ukachimbwa mfereji mpya mkubwa upande wa kusini, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 Turia ukawa unapita nje ya mji. Sakafu ya zamani ikabaki kavu. Wakubwa wakaitazama, wakaona kitu ambacho wakubwa wa dunia nzima hukiona wakikuta ardhi wazi: barabara. Mpango ulikuwa kupitisha barabara kuu ya magari mlemle, kuiunganisha njia ya Madrid na bandari. Wananchi wakakataa. Walidai sakafu ya mto ni yao na wanaitaka iwe ya kijani. Kumbuka kwamba hawakuwa na kura, na vyama vya siasa vilikuwa vimepigwa marufuku. Walikuwa na vyama vya wakazi wa mitaa, karatasi za kubandika, barua kwa wahariri na ukaidi. Franco alikufa mwaka 1975. Mwaka 1976 Mfalme Juan Carlos akaukabidhi mji ile ardhi. Miaka ya 1980 bustani ikaanza kupandwa.

Sasa sikiliza. Ndani ya sakafu ileile ya mto kuna uwanja wa riadha, Estadio del Turia. Usiku wa tarehe 7 Oktoba 2020 Joshua Cheptegei wa Uganda aliweka hapo rekodi ya dunia ya mita 10,000, dakika 26 na sekunde 11. Usiku uleule, uwanja uleule, Letesenbet Gidey wa Ethiopia akaweka ya mita 5,000 kwa wanawake. Na mstari wa kumalizia wa marathoni, pale Kiptum na Geay walipoinua mikono, umewekwa juu ya maji ya Ciudad de las Artes, mwisho wa sakafu ileile. Kama barabara kuu ingejengwa, pale yangepita malori ya kwenda bandarini. Rekodi zetu za Afrika Mashariki zimesimama juu ya ushindi wa watu wa mitaani ambao hatujawahi kuwataja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Tutoke mjini twende kaskazini. Kuna njia ya waenda kwa miguu na baiskeli iitwayo Vía Xurra, iliyotandikwa pale ilipopita reli ya zamani. Inaanzia pembeni mwa vyuo vikuu na kukata katikati ya mashamba ya Alboraia kuelekea Puçol. Mashamba haya wenyewe wanayaita l'Horta. Ni tambarare kama meza, yamegawanywa na mifereji ya maji iliyopangwa tangu enzi za Waislamu wa Andalusia, na Kiarabu bado kimo ndani ya Kihispania chao. Mtu wa Pwani ya kwetu akisikiliza vizuri atashtuka: sukari kwao ni azúcar, tunda la zeituni ni aceituna, na lile ziwa kubwa la kusini, Albufera, limetokana na neno la Kiarabu la bahari ndogo, mzizi uleule uliotupa sisi neno bahari. Mwandishi wa Kiswahili akienda pale ana ufunguo mfukoni ambao mwenzake wa London hana. Badala ya kuutumia, anaandika joto lilikuwa nyuzi ngapi.

Alboraia wanalima mmea wa jamii ya ndago. Ndiyo, ndago, hilihili jani sugu ambalo kwetu mkulima akiliona shambani anasonya. Wao wanachimba vijiazi vyake, wanavisaga na kutengeneza kinywaji cheupe kitamu kiitwacho horchata, kinachonywewa baridi wakati wa joto. Na maji ya kumwagilia yana baraza lake. Kila Alhamisi saa sita mchana, kwenye mlango wa Mitume wa kanisa kuu la Valencia, wakulima waliochaguliwa kutoka mifereji mikuu minane hukaa kwenye viti vya duara na kusikiliza kesi za maji. Hakuna wakili, hakuna makaratasi; kesi inasemwa kwa mdomo na kuamuliwa palepale. UNESCO ililiingiza baraza hilo kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2009.

Siku moja nilikuwa nakimbia pembezoni mwa mfereji, nje ya njia rasmi, kwa sababu programu ya simu ilinionyesha kwamba wengine hupita. Mzee mmoja akainua jembe lake, hakunitishia, alinisimamisha tu. Akaniambia kwa upole kwamba kijia kile ni cha maji kwanza, cha trekta pili, cha mkimbiaji mwisho. Ukingo ukikanyagwa sana unabomoka, na ukingo ukibomoka shamba la jirani linakosa zamu yake. Ramani ya simu haikuwa na habari hiyo. Ilikuwa na mstari mwekundu tu, kwamba watu wengi wamepita, basi nawe pita. Nikaomba radhi kama mgeni na kurudi barabarani, lakini nilichojifunza kwa yule mzee sijakikuta kwenye kitabu chochote cha njia za kukimbilia: kwamba mandhari unayoisifia ni kazi ya mtu, na ina zamu, kanuni na deni.

Ina maadui pia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 familia za wakulima wa La Punta, upande wa bandari, ziliondolewa kwenye nyumba zao ili ardhi iwe eneo la maghala ya mizigo. Mwaka 2019, hapohapo Alboraia, nyumba ya shamba ya zamani iitwayo Forn de Barraca ilibomolewa ili kupanua barabara ya magari, watu wakiwa wamejifungia ndani na wengine nje kujaribu kuizuia. Na hii ilikuwa baada ya bunge la jimbo kupitisha sheria ya kulinda l'Horta, mwaka 2018. Mwaka huohuo wa 2019 FAO ikautambua mfumo ule wa umwagiliaji kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Cheti mkono mmoja, tingatinga mkono mwingine. Wanaotuchukulia sisi Waafrika kuwa ndio peke yetu wenye sheria za kwenye makabati wangepita Vía Xurra siku moja.

Na matunda ya mashamba yale hayaruki yenyewe kwenda sokoni. Wengi wa vibarua wanaochuma machungwa ya jimbo lile ni wahamiaji, wakiwemo Waafrika wenzetu kutoka Morocco na Afrika Magharibi. Nilikuwa nawaona asubuhi kwenye vituo vya mafuta wakisubiri gari la kuwabeba, saa ileile wakimbiaji tunapojinyoosha viungo. Mwafrika mmoja anakimbia apigiwe makofi, mwingine anasubiri kazi na hakuna anayemwona. Mwandishi aliyetoka Dar es Salaam au Nairobi akishindwa kuwaona wote wawili asubuhi moja, basi aache kazi afanye nyingine.

Twende kusini sasa, baharini. Ukivuka bandari unafika El Saler, na msitu wa misonobari uitwao Devesa, uliolala kati ya bahari na ziwa Albufera. Ni njia nzuri kuliko zote nilizokimbia maishani: mchanga, kivuli, harufu ya utomvu, upande mmoja mawimbi na upande mwingine mashamba ya mpunga. Miaka ya 1960 mji uliamua kuiuza hadhi hiyo: hoteli, maghorofa ya likizo, uwanja wa gofu. Matuta ya mchanga yakasawazishwa, barabara zikachongwa. Ukienda leo utaona maghorofa machache yamesimama peke yake katikati ya miti kama meno yaliyobaki. Mengine hayakujengwa kwa sababu wananchi walipiga kelele miaka ya 1970 kwamba El Saler ni ya umma, na gazeti lilelile la Las Provincias likawapa kurasa zake. Baraza la mji lililochaguliwa mwaka 1979 likausimamisha mpango. Mwaka 1986 Albufera ikawa hifadhi, na mafundi wakaanza kazi ya kuyajenga upya matuta ya mchanga yaliyobomolewa.

Juu ya hayo ipo sheria. Katiba ya Hispania ya mwaka 1978 inasema ufukwe ni mali ya umma. Sheria ya Pwani ya mwaka 1988 ikaongeza kwamba ukanda wa mita 6 kutoka ukingoni mwa ufukwe lazima ubaki wazi wakati wote kwa waenda kwa miguu, na pale penye kupita kwa shida ukanda huo unaweza kufikia mita 20. Mita sita! Ni upana wa chumba cha kupanga na kibaraza chake. Lakini mita hizo sita ndizo zinazomwezesha mtu asiye na chochote akimbie mbele ya jumba la tajiri bila kumsalimia mtu. Sisemi Wahispania ni malaika. Pwani yao ina kuta za maghorofa zinazokutia kizunguzungu, na mwaka 2013 sheria ililegezwa, baadhi ya waliojenga ndani ya eneo la umma wakapewa nafasi ya kukaa hadi miaka 75. Ninachosema ni kwamba kila mita iliyo wazi pale ina mtu aliyeidai, na kila mita iliyozibwa ina mtu aliyeiuza. Hakuna mita ya bahati.

Halafu ikaja tarehe 29 Oktoba 2024. Mvua ilipiga milima ya bara, na makorongo ambayo mwaka mzima huwa makavu yakageuka bahari. Maji yaliyoua hayakutoka Turia. Yalishuka kwa korongo jingine, la Poyo, yakavamia Paiporta, Catarroja, Alfafar na miji mingine ya kusini. Ujumbe wa tahadhari uliingia kwenye simu za watu saa 2 na dakika 11 usiku, wakati wengine tayari walikuwa ndani ya maji. Zaidi ya watu 220 walikufa katika mkoa ule. Mji wenyewe ulibaki mkavu nyuma ya mfereji mpya wa mto, lakini kitongoji chake cha La Torre, ambacho mfereji ule ulikiacha ng'ambo ya pili, kiliingiwa na tope.

Kati ya La Torre na mji lipo daraja la waenda kwa miguu. Siku zilizofuata maelfu ya watu walilivuka wakiwa na mafagio, koleo na maji ya kunywa, wengi vijana, kwenda kuwachimbua jirani zao kwenye tope. Likapewa jina, Daraja la Mshikamano. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 1 Desemba, marathoni ikafanyika, Sabastian Sawe wa Kenya akaishinda kwa saa 2:02:05, naye pia mara yake ya kwanza. Kule Hispania watu walibishana kama ilikuwa sahihi kukimbia mapema vile. Wapo waliosema ni dharau kwa marehemu, wapo waliosema mji unahitaji kupumua. Ni mjadala mzito, wa watu wazima. Kwetu nilisoma “Mkenya atamba Valencia.” Atamba juu ya nini, mwenzangu? Kilomita chache kutoka kwenye mstari wa mwisho watu walikuwa bado wanatoa matope ndani ya gereji.

Najua majibu yatakayokuja, maana nimeshayasikia.

La kwanza: nafasi haitoshi, taarifa ya michezo redioni ni dakika tatu. Sawa. Lakini sentensi moja inatosha. “Amemaliza mbio katika mji ambao mwezi uliopita majirani zake zaidi ya 220 walikufa kwa mafuriko.” Hiyo ni sekunde saba, na msikilizaji wa Geita ameelewa kwamba dunia ni pana. Kinachokosekana si dakika. Kinachokosekana ni udadisi.

La pili: wao ni Wazungu, wana hela za bustani. Nimekwisha kueleza kwamba waliodai ile sakafu ya mto walifanya hivyo chini ya udikteta, bila kura. Tena kuacha ardhi wazi ni nafuu kuliko kujenga barabara kuu. Anayesema hatuna hela za bustani aniambie hela za ukuta zinatoka wapi.

La tatu ndilo linaloniumiza, kwa sababu linasemwa kwa fahari: mabingwa wetu hawahitaji njia za kifahari, wanatoka kwenye vumbi la Iten na Mbulu. Ni kweli, na vumbi lile ni hazina. Lakini vumbi lile nalo ni njia ya wote. Siku litakapowekewa geti ndipo tutaelewa. Na nani kasema njia ni ya mabingwa peke yao? Kwa kila Geay mmoja tuna maelfu ya makarani, walimu, mama lishe na mafundi wenye presha na sukari, wanaoambiwa zahanati “fanya mazoezi, tembea.” Watembee wapi? Pembezoni mwa barabara, bodaboda ikiwapiga kumbo?

Tanzania ina sheria yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Sitini! Tumewazidi Wahispania mara kumi, kwenye karatasi. Sasa toka asubuhi ujaribu kukimbia ufukweni Dar es Salaam kwa kilomita 10 bila kukatishwa. Utakutana na ukuta ulioshuka mpaka majini. Utasubiri maji yakupwe upite. Utakutana na mlinzi. Mimi niliwahi kusimamishwa mbele ya hoteli moja nikiwa juu ya mchanga wenye maji, nikaulizwa “we kaka unaenda wapi?” Nikamjibu naenda mbele. Akaniambia mbele ni pa wageni. Sikumlaumu, kijana analinda mkate wake. Niliyemtafuta gazetini kesho yake, na kesho kutwa, ni mwandishi wa kuuliza mita 60 zimeenda wapi. Nilikuta msimamo wa ligi.

Hapo ndipo hoja yangu inapokutana na kalamu. Martín Domínguez hakuwa mwandishi wa riadha, na Las Provincias halikuwa gazeti la wanamapinduzi. Lilikuwa gazeti la kihafidhina, la watu wa heshima. Lakini lilijua kwamba mto ni habari, na msitu wa pwani ni habari, na barua ya msomaji anayelalamikia matuta ya mchanga inastahili wino. Leo Mtanzania na Mkenya wanakimbia kwenye matunda ya wino ule. Uandishi wetu umewapa nini watakaokimbia hapa kwetu mwaka 2060?

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa dawati la michezo mambo machache, na wahariri wao wasikie. Tunapomsindikiza mwanariadha nje, tufike siku mbili kabla na tutembee njia yake kwa miguu, tuulize ardhi ile ni ya nani na ilikuwa nini. Tunapoandika mbio za hapa nyumbani, tuandike pia njia ilipokatwa na aliyeikata, kwa jina la kampuni na namba ya kiwanja kama tunayo. Tuwaulize waandaaji wa mbio zinazochipuka kila mwezi, zenye fulana nzuri na ada za kutosha: siku 364 nyingine za mwaka mkimbiaji wenu akimbilie wapi? Na wale wanaoandika kuhusu njia za pwani ya Mediterania, wa lugha yoyote, wamweke kwenye ramani yao yule mzee mwenye jembe, na wale vibarua wa kituo cha mafuta, na daraja la La Torre.

Sawe atarudi barabarani, Geay pia, na wengine ambao hata majina yao bado hatuyajui. Sekunde zao tutaendelea kuzihesabu, ni kazi yetu. Ila mwenzangu ukimaliza kuandika muda, usifunge kompyuta. Angalia chini walipokanyaga, uandike na hapo.